Glayeli Zilizochelewa Arusini

Baba yangu hakuwa mtu wa kutaka mengi. Alikula kilichopikwa, alivaa kilichofuliwa, na maneno aliyosema yalikuwa yale yaliyobaki baada ya dada yake kumaliza kusema. Lakini siku posa yangu ilipokubaliwa alitamka jambo moja, na sauti yake ilionyesha kwamba alikuwa amelifikiri muda mrefu. Siku ya arusi, alisema, nitaingia kanisani nikipita katikati ya maua.

Vijana mtaniuliza kuna ajabu gani hapo. Wakati ule, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, maua ya kukatwa yalikuwa kitu cha wazungu. Arusi yetu ilikuwa nyimbo, ngoma, bukari, yaani ugali wetu, na pombe. Ua ulilikuta limeota mahali pake, ukaliacha. Kulikata, kulifunga kamba na kulitia ndani ya maji ili life polepole juu ya meza, wazee wetu waliona ni wazimu, na mpaka leo sijui niwajibu nini. Lakini baba alikuwa akila kwa wazimu huo. Alitoka kaskazini akiletwa na kazi ya reli, na reli ilipomchosha mgongo akapata kazi ya mfungaji katika depo ya maua, nyuma ya stesheni ya Élisabethville, mji wetu wa Katanga. Ndiyo kazi iliyonilisha tangu mama yangu alipofariki. Aliyenilea ni shangazi, huyo dada ya baba mwenye maneno.

Nieleze kidogo habari za depo, maana watu hudhani maua huanzia dukani. Duka ni mlango wa mwisho. Maua yalitoka kwenye bustani za kando ya mto Kafubu na za barabara ya Kipushi, yakaja alfajiri kwa baiskeli na mikokoteni, yamefunikwa magunia yenye maji. Depo ilikuwa chumba kirefu cha matofali, chenye giza na baridi, na sakafuni palikuwa na mapipa yaliyokatwa nusu, yamejaa maji. Humo maua yalikunywa kwanza. Kisha baba na wenzake waliyapanga juu ya meza kwa urefu, marefu na marefu, mafupi na mafupi, wakayafunga kwa kamba za mgomba na kuyazungushia magazeti yaliyolowa. Wenye maduka ya mjini walikuja kuchagua kwanza, wakikunja pua kana kwamba kila ua lina kosa lake. Yaliyobaki yaliingia katika vikapu virefu, vikapu vikaingia kwenye treni: Kipushi, Jadotville, na Sakania mpakani, ambako yalivuka kwenda Rhodesia.

Kazi hiyo ina sheria zake, na baba alizishika kama amri za Mungu. Dalia haisafiri. Ukiikata imefungwa itabaki imefungwa mpaka ioze, kwa hiyo iliuzwa hapohapo mjini ikiwa wazi. Glayeli, lile ua refu lenye vichwa vingi kwenye shina moja, husafiri limesimama. Ukililaza, ncha yake huinuka kutafuta juu, na likifika Sakania limepinda, hakuna wa kulinunua. Na ole wako uingie depo na ndizi mbivu! Waridi zikikaa chumba kimoja na ndizi hulegea siku hiyohiyo, na hakuna aliyejua kwa nini. Nilipokuwa msichana niliwahi kumpelekea baba chakula na ndizi juu yake. Alinifukuza mlangoni kama mwizi, kisha akanifuata barabarani kuniomba radhi, na ndizi tukazila tumesimama karibu na reli.

Lakini sheria kubwa kuliko zote ilikuwa hii: ua litoke depo likiwa limefungwa. Duka huuza leo, depo huuza kesho kutwa. Baba alilibonyeza ua kwa kidole gumba, taratibu, kama unavyogusa shavu la mtoto aliyelala, akajua lina siku ngapi ndani yake. Hawakuwa na maneno ya kitaalamu mle. Walipima kwa stesheni. Ua lililoanza kulegea waliliita "ya mujini". Gumu kidogo lilikuwa "ya Kipushi". Na lile gumu kabisa, la kijani, ambalo rangi yake ilionekana kama uzi tu pembeni, hilo lilikuwa "ya Sakania", nalo ndilo bora. Mfungaji aliyesifiwa ni yule ambaye kikapu chake kizima kilikuwa cha Sakania. Ua lililofunguka mle ndani hawakuliita ua tena. Walisema limechoka, na wakalitupa nyuma kwenye shimo la majani kama masista hawakupita kulichukua.

Miaka yote hiyo ya kubonyeza maua magumu iliingia mikononi mwake, ikaingia na machoni. Nasema hivi mapema ili msije mkamcheka kama wengine walivyomcheka.

Fikira ya kupita katikati ya maua aliipata siku alipotumwa kupeleka vikapu kwenye kanisa kubwa la wazungu, arusi ya binti wa tajiri mmoja. Watu wa duka walikwisha kuyapanga ya kwao ndani. Baba alikabidhi vikapu vyake, akasimama nje na kofia mkononi, na mlango ulikuwa wazi. Alimwona binti yule akienda polepole, na huku na huku maua yamefungwa kwenye viti. Alikuwa mbali, hakuyaona maua yenyewe vizuri. Aliona weupe pande mbili na mtoto wa watu katikati. Jioni alimsimulia shangazi, nami nilikuwa nikishona karibu nao.

"Mutoto anapita mule sawa vile njia yote iko yake," alisema.

Shangazi akamjibu kwamba bazungu hawajui kufurahi bila kutupa feza. Baba hakubishana. Alikaa na jambo lake kifuani, miaka, mpaka siku ya posa yangu.

Arusi iliangukia miezi ya baridi, wakati asubuhi za Katanga zinapomfanya mtu asogelee mbabula, lile jiko la makaa, hata akaunguza sketi. Madamu mwenye depo alimpa baba ruhusa achague maua yoyote katika mzigo wa asubuhi ile, naye mwenyewe akasafiri kwenda Jadotville kwa shughuli zake. Angekuwepo labda angesema neno. Au asingesema, maana hata yeye alikuwa mtu wa biashara ya jumla, aliyezoea maua yaliyofungwa.

Msimu ule bustani moja ya Kafubu ilikuwa imepanda glayeli za aina mpya, ambazo viazi vyake vya kupandia vilikuja kwa meli kutoka Ulaya. Nyeupe, walisema. Zote zilikuwa zikienda Sakania, mjini hazikuuzwa hata kidogo. Baba alichagua hizo. Alizichagua shina moja moja, akabonyeza, akarudisha, akabonyeza nyingine, na kila iliyoanza kulegea aliiweka kando. Mtoto wake wa pekee, siku yake ya pekee, angempa maua yaliyochoka? Alitaka kunipa yaliyo bora, na ubora alioujua yeye ulikuwa mmoja.

Kanisa letu lilikuwa umbali wa kutembea bila kutoa jasho. Baba aliniletea maua ya Sakania.

Nilipofika mlangoni nilikuta ndoo zimepangwa pande zote mbili za njia, kutoka nyuma mpaka mbele kwa padri. Ndani ya ndoo zilisimama fimbo za kijani. Zilikuwa ndefu, nyoofu, safi, zimepangwa kwa urefu namna ambayo hakuna mtu mwingine mle kanisani angeweza kuzipanga. Ua lililo wazi halikuwepo hata moja. Mimi nilielewa palepale, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa depo. Niliona kazi ya mikono yake, niliona kila shina lilivyochaguliwa, na nilitaka kusimama niwaeleze watu kwamba hayo wanayoyaona ni maua mazuri kuliko yote yaliyotoka Kafubu juma lile. Lakini bibi arusi hahutubii. Nilitembea macho chini, na nyuma yangu nikasikia watu wakinong'onezana.

Ukoo wa mume wangu ulitoka Kipushi. Ni watu wa mine, yaani mgodi, watu wa kelele na mkono wazi. Kati yao alikuwemo dada mkubwa wa mama ya bwana arusi, aliyekuwa ndiye mkubwa wa upande wao wote, na tulimwita mama mkubwa. Sasa, kwetu siku ya arusi wanawake wa upande wa mume wana ruhusa ya kuutania upande wa mke, na anayekasirika ndiye mwenye makosa. Tulipokuwa tunatoka kanisani mama mkubwa alivuta shina moja kutoka kwenye ndoo, akatoka nalo nje, akaliinua juu ya kichwa.

"E bantu! Nani analeta poro mu kanisa?"

Poro ni ile mboga ya wazungu, kama kitunguu chenye majani marefu. Watu wakaanza kucheka.

"Tupike na nyama gani?" akaendelea. "Baba ya bibi arusi anawaza tuko na njala!"

Watu walishika mbavu. Mimi nina hasira za karibu, wanaonijua hawatashangaa, na nilikwisha kukunja ngumi ndani ya glavu nyeupe ya kuazima. Shangazi alinifinya.

Baba alicheka pamoja na watu. Alicheka kidogo, kama adabu inavyotaka. Kisha nikamwona ameingia tena kanisani peke yake, anazitazama ndoo moja baada ya nyingine kama mtu aliyeshuka stesheni isiyo yake. Nafikiri ni hapo ndipo alipoziona kama walivyoziona wengine.

Hakukaa kwenye karamu. Alimwambia shangazi, "Nilimupatisha mutoto haya," akavaa kofia, akaondoka kabla bukari haijapakuliwa, akisema anakwenda kuangalia mapipa. Siku ya arusi ya mtoto wake alikwenda kuangalia mapipa! Shangazi aliponieleza, chakula kilinishinda. Aibu sikuwa nayo hata chembe. Nilikuwa na uchungu, kwa sababu mtu huyo hakuwahi kuniomba kitu wala kunitakia kitu ila hicho kimoja, na kimemrudia usoni mbele ya wakwe.

Kesho yake tulipanda treni ya Kipushi. Ndugu za mume walisema hizo ndoo ziachwe, kuna mizigo ya kutosha. Nikasema siendi bila maua yangu. Bibi arusi hasemi hivyo, basi watu wakatazamana. Mume wangu, ambaye mpaka saa ile nilikuwa nimezungumza naye maneno machache tu mbele ya wazee, alikusanya mashina yote katika ndoo chache, akazipandisha daraja la tatu mwenyewe. Alitaka kuyalaza chini ya kiti.

"Yasimame," nikamwambia.

Hilo lilikuwa neno langu la kwanza kwake nikiwa mke wake. Akayashika yamesimama kati ya magoti mpaka Kipushi, na abiria wakimuuliza njia nzima poro anauza bei gani. Hakukasirika. Niliyaona hayo nikayaweka moyoni, na sikukosea kuyaweka.

Nyumba yetu ilikuwa ya kambi ya mine: chumba, sebule, na kiwanja kidogo mbele mpaka barabarani. Desturi ilinifungia ndani. Mwali hatoki nje mpaka siku zake zitimie, na shangazi alikuja nami ili anilinde na kunifundisha. Upande wa pili desturi hiyohiyo ilimfungia baba nje. Mambo ya buko, yaani ya ukwe, kwetu ni mazito. Baba ya mke hakanyagi kwa mkwe wake mpaka ndugu za mume wamwite kwa heshima zote, pamoja na kuku na maneno yake, na hilo si jambo la juma moja. Hata kukutana uso kwa uso na mkwe wake kulipasa kuepukwa.

Ndoo zilikaa sebuleni, karibu na joto la mbabula. Glayeli hufunguka kuanzia chini kwenda juu, kichwa baada ya kichwa. Asubuhi moja niliamka nikamkuta shangazi amechuchumaa mbele ya ndoo, mkono mdomoni.

"Kuya uone," aliniita.

Zilikuwa nyeupe, kama walivyosema. Lakini ndani, kooni kabisa, kila ua lilikuwa na doa jekundu, jekundu kweli, lililokolea chini na kufifia likipanda. Ukisimama mbali unaona weupe tu. Ukisogea na kuchungulia ndipo unaliona. Nilikaa chini karibu na shangazi, tukatazama mpaka uji ukaungua.

Halafu nikawaza: baba hajui. Hakuna mtu wa depo anayejua, maana hakuna aliyewahi kuona hata moja imefunguka. Zote zilikwenda Sakania na makoo yake yamefungwa. Alizifunga tangu msimu uanze, akanichagulia mimi shina moja moja, na hajui zina nini ndani. Yuko mjini sasa hivi, ameinamia meza yake, anaamini ameniletea mboga.

Na glayeli ikianza haingoji mtu. Huku juu inafunguka, huku chini inanyauka. Siku za maua zilikuwa chache na siku za buko zilikuwa nyingi, na mimi nilikuwa katikati, nimefungiwa ndani kama kuku anayeatamia.

Treni iliyoleta vikapu vya depo ilipofika, mume wangu alimwomba mtu wa mizigo ampelekee baba neno: aje, maua yamefunguka. Jibu lilirudi na treni ya kesho yake.

"Baba yenu anasema habayamuita bado," mtu wa mizigo alisema, akaenda zake.

Nilikasirika na desturi, na baridi, na treni, na baba mwenyewe. Nikamwambia shangazi kwamba nitazibeba mwenyewe hadi mjini, watakaosema waseme. Shangazi hakupiga kelele. Alivuta kigoda akaketi mlangoni, na mwili wake uliutosha mlango.

"Mwali hatoke inje," alisema. "Unataka baseme kwetu habakukufundisha? Baba yako hiyo haya itamutosha?"

Niliingia chumbani nikalia, na nilimsikia naye kule mlangoni anavuta kamasi, maana huyo ndugu yake alikuwa mmoja tu duniani.

Siku ileile mama mkubwa alikuja kumwangalia mwali, na sahani ya samaki mkononi. Mkono mtupu haulambwi, na yeye hakuwa mtu wa mkono mtupu. Alianza kusema tangu barabarani, akaingia akisema, kisha sauti ikakatika. Sebule yote ilikuwa nyeupe. Aliweka sahani chini taratibu.

"Ni zile?" aliuliza.

"Ni zile, mama mkubwa."

Alisogea, akachungulia ndani ya ua moja, akarudi nyuma, akachungulia tena. Nikiri kwamba roho yangu mbaya ilifurahi kidogo.

"Baba yako aliona?"

"Hapana. Anasema habayamuita."

Mama mkubwa aliketi sakafuni na miguu yake ameinyoosha, akajikuna chini ya kitambaa cha kichwa. Shangazi hakumsaidia hata kwa neno moja, alimwacha ahangaike.

"Kumuita mu nyumba, ile siwezi," alisema mwishowe. "Bakubwa banataka kuku na siku yake, na miye sigeuze desturi ya bantu. Lakini barabara haiko ya kwetu. Barabara iko ya mine. Muntu anasimama pa barabara, anaangalia maua, nani atamuuliza?" Akanyanyuka, akapangusa mikono. "Bamuambie ni miye namuita. Bamuambie poro yake ilizaa."

Ndivyo alivyoomba radhi. Sikutarajia namna nyingine kutoka kwake, na hiyo ilinitosha.

Jumapili baada ya misa baba alisimama barabarani. Alikuwa amevaa koti alilolivaa arusini na kofia yake, na viatu vyake vilikuwa vimepakwa dawa mpaka vinang'aa. Alisimama ukingoni kabisa mwa kiwanja, asiukanyage. Mume wangu alikuwa amejificha nyuma ya jiko, kama adabu inavyotaka, na kila mara kichwa chake kilichungulia na kurudi. Mimi nilisimama ndani ya mlango, kitambaa kimenifunika hadi machoni. Kati yangu na baba kulikuwa na kile kiwanja kidogo, na mmoja wetu hakuruhusiwa kukiingia, mwingine hakuruhusiwa kukitokea.

Shangazi alimpelekea ndoo, moja baada ya nyingine, akazipanga miguuni pake. Baba alichuchumaa. Kwanza mikono yake ilifanya kazi iliyoizoea. Ilichuma maua ya chini yaliyonyauka, na kwa kuwa hapakuwa na shimo la majani, aliyatia mfukoni mwa koti. Kisha mikono ikasimama. Aliinamisha shina moja karibu na uso, akatazama ndani. Akashika jingine, akatazama. Akashika la ndoo nyingine.

"Mama!" aliita. Nimebeba jina la mama yake, kwa hiyo aliniita mama tangu utotoni. "Mama, mu ndani iko nyekundu!"

"Ndiyo, baba!"

"Yote?"

"Yote!"

"Nilifunga yote na hii mikono," alisema, na sasa hakuwa akiniambia mimi. "Sikuyua."

Alivua kofia, akaiweka chini karibu na ndoo. Watu wa kambi walikuwa wamekwisha kujikusanya, maana kambini huwezi kukohoa bila majirani. Hakuwaona. Alizitazama glayeli zile kwa muda mrefu, na uso wake ukalegea, nikaona alivyokuwa kijana kabla ya reli na kabla ya kufiwa. Sijapata kumwona hivyo tena.

Kisha alimwambia shangazi neno kwa sauti ya chini. Shangazi akamwambia mama mkubwa. Na mama mkubwa akapaza sauti kambi nzima ikasikia: kila mwanamke alete ndoo, sufuria, beseni, kitu chochote chenye kushika maji. Wakaja nazo wakikimbia, nyingine zingali na masizi. Baba, palepale barabarani, alizigawa glayeli kwa urefu, hakuweza kujizuia, akawa anampa shangazi na kumwonyesha kwa kidole mahali pa kuweka, huku moja, huku moja, kutoka barabarani mpaka mlangoni kwangu. Alipomaliza alisimama wima, magoti yake yakalia.

"Mama," aliita. "Pita."

Nilimtazama shangazi. Mwali hatoki. Shangazi alimtazama mama mkubwa, maana huyo ndiye angeweza kutupeleka kwa wazee wa mume tukalipa faini na sifa yetu ikaisha. Mama mkubwa alitutazama sisi, akamtazama baba, kisha akageuka na kutupa mgongo.

"Miye naangalia kwangu," alisema kwa nguvu. "Sione kintu."

Wanawake wote wa kambi wakageuka, kila mmoja akaangalia kwake.

Nikatoka. Nilikuwa peku, na mavumbi yalikuwa baridi. Nilipita polepole, maua yakinifika kiunoni huku na huku, na mbele yangu hapakuwa na padri wala bwana arusi. Alikuwepo baba yangu tu, ameishika kofia kwa mikono miwili. Nililia njia nzima wala sikujifuta. Nilimpenda hata kifua kikaniuma. Nilipomfikia hakunigusa, mikono yake ilikuwa imelowa maji. Alinitazama mimi, akatazama maua pande mbili mpaka mwisho wake, ule mlango ulio wazi.

"Sasa iko muzuri," alisema. "Rudia kwako."

Nikageuka, nikapita tena katikati ya maua, nikaingia kwangu.